Mbegu za Pilipili: Zipi za Kuweka na Zipi za Kutupa

Katika masoko ya Thika na Ruiru pilipili huuzwa kila siku, na ndani ya kila tunda mna mbegu nyingi. Kwa hiyo watu wengi huuliza: kuna haja gani ya kununua mbegu dukani, iwapo mbegu hutupwa jikoni kila jioni? Swali hili ni la haki. Jibu lake ni kwamba mbegu nyingine za pilipili zafaa sana kuwekwa, na nyingine hazifai hata kidogo. Mkulima asiyejua tofauti yake aweza kulitunza shamba miezi mitano au sita, akalinywesha maji na kulitia mbolea, kisha akavuna matunda ambayo hakuna mchuuzi atakayeyataka.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya majina. Pilipili manga, ile nyeusi, ni mmea mwingine kabisa wenye asili ya Bara Hindi, nasi hatuisemi hapa. Pilipili tunazozisema zina asili ya Amerika, na zilienea duniani baada ya safari za Columbus zilizoanza mwaka 1492. Wafanyabiashara wa Kireno walizichukua mpaka Afrika na Bara Hindi. Katika Kenya jina la pilipili hoho hutumiwa sasa kwa ile kubwa isiyowasha, ingawa katika Kiswahili cha zamani cha pwani lilikuwa jina la pilipili kali. Pilipili kichaa ni ile ndogo iwashayo mno.

MBEGU CHOTARA

Watu husema kwamba mtu huvuna alichopanda, lakini katika mbegu chotara neno hili si kweli. Chotara ni mbegu iliyopatikana kwa kuzalisha aina mbili zilizo mbalimbali. Mimea yake ya kwanza hufanana yote, nayo huwa na nguvu. Lakini ukichukua mbegu za matunda yake na kuzipanda, mimea itakayoota itatofautiana: mmoja utakuwa mrefu, mwingine mfupi, mmoja utazaa matunda manene, mwingine membamba.

Mfano mzuri uko hapo hapo Ruiru. Mwaka 1985 kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilitoa aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, ambayo hustahimili chule buni na kutu ya majani. Ruiru 11 ni chotara, na mbegu zake hutengenezwa kwa kuyachavusha maua kwa mkono. Mkulima akiokota buni chini ya mti wake wa Ruiru 11 na kuipanda, hapati Ruiru 11 tena. Wakulima wa kahawa walijifunza jambo hili, na mkulima wa pilipili hana budi kujifunza vivyo hivyo.

Hoho nyingi kubwa zilimwazo kwa soko ni chotara. Basi, kabla ya kuweka mbegu, soma karatasi ya pakiti ya mbegu iliyopandwa. Ukiona imeandikwa F1, hiyo ni chotara. Kula matunda yake au uyauze, bali usiweke mbegu zake. Na ukinunua tunda sokoni bila kujua mbegu yake ilitoka wapi, usilipandie shamba zima. Pilipili kichaa za kienyeji, zilizopandwa na watu miaka mingi bila kubadilika, ndizo zifaazo kuwekwa mbegu.

NYUKI NA MAUA

Ua la pilipili laweza kujichavusha lenyewe, lakini nyuki na wadudu wengine huchukua chavua ya mmea mmoja na kuipeleka kwa mwingine. Hoho ikipandwa karibu na pilipili kali ndefu, zaweza kuchanganyika. Matunda ya mwaka huu hayatabadilika ladha, na mkulima hataona dalili yoyote. Mchanganyiko umo ndani ya mbegu. Zikipandwa, ndipo mnunuzi wa hoho atakapoungua ulimi.

Dawa ya jambo hili ni rahisi. Chagua matawi machache yenye maua yasiyofunguka bado. Yavike mfuko mdogo wa kitambaa chepesi, ukaufunge ili wadudu wasiingie. Utikise kidogo kila siku. Matunda madogo yakionekana, uondoe mfuko, na ufunge uzi mwekundu penye kikonyo ili wavunaji wasiyachume.

KUCHAGUA NA KUKAUSHA

Usitazame tunda peke yake. Utazame mmea wote. Mmea uwe na nguvu, uzae sana, wala usiwe na ugonjwa. Majani yenye mabaka, au matunda yenye madoa yaliyobonyea na kuoza, ni onyo, kwa maana magonjwa kadhaa ya pilipili husafiri ndani ya mbegu au juu yake. Tena usichukue mbegu za mmea mmoja tu. Chukua za mitano au zaidi.

Acha tunda liive kabisa mpaka ligeuke rangi. Hoho ya kijani ni tunda ambalo halijaiva, na mbegu zake ni dhaifu. Pasua tunda lililoiva, toa mbegu, uzitandaze juu ya sahani au mkeka kivulini, mahali penye upepo, kwa muda wa wiki moja au mbili. Usizianike juu ya bati wala karibu na moto, kwa kuwa joto jingi huua mbegu. Mbegu iliyokauka vema huvunjika ukiikunja. Unaposhika pilipili kali, usiguse macho. Ukali wake hautoki kwa maji matupu, basi jipake mafuta ya kupikia kwanza, ndipo unawe kwa sabuni.

Tia mbegu katika chupa kavu yenye kifuniko cha kukaza, uandike jina la aina na mwaka, na uiweke mahali pakavu pasipo joto. Zikitunzwa hivi huweza kukaa miaka miwili au mitatu.

KUJARIBU NA KUPANDA

Kabla ya kupanda, hesabu mbegu 20, uzikunje katika kitambaa chenye unyevu, uziweke mahali penye vuguvugu. Tazama baada ya wiki mbili. Pilipili kichaa huweza kuchelewa hata wiki tatu. Zikiota 16 au zaidi, mbegu ni njema. Zikiota chini ya 10, heri kutafuta nyingine.

Thika na Ruiru ziko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na mvua za masika huanza mwezi wa Machi. Basi yafaa kuandaa kitalu mwezi wa Januari au Februari. Panda mbegu kina cha sentimita 1, ufunike kwa nyasi kavu, na uziondoe nyasi miche ichomozapo. Baada ya wiki sita hadi nane, miche ikiwa na kimo cha sentimita 10 hadi 15, ihamishe shambani. Usiipande mahali palipokuwa na nyanya, viazi vya kizungu au biringanya, kwa kuwa mimea hii ni jamaa moja na hushirikiana magonjwa.

MBEGU NA SHERIA

Wengine huogopa kugawana mbegu na jirani. Sheria ya mbegu ya mwaka 1972, pamoja na mabadiliko ya mwaka 2012, iliweka adhabu kali juu ya mbegu zisizokaguliwa. Mwaka 2022 wakulima wadogo walipeleka shauri mahakamani, na mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos iliamua kwamba vifungu vilivyowazuia wakulima kuweka na kugawana mbegu zao vilipingana na Katiba. Lakini anayetaka kufanya biashara ya mbegu na aulize kwanza shirika la KEPHIS, ambalo kazi yake ni ukaguzi.

Umpapo jirani mbegu, mwambie ni za aina gani, za mwaka gani, na kama zilivikwa mfuko au la. Jirani aliyedanganywa kwa mbegu hugundua baada ya miezi mitano, na wakati huo msimu wake umekwisha.