Sambusa ya Stendi Katesh Ina Ukoo Mrefu

Tuanzie stendi ya Katesh, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa saba. Baridi ya mlima Hanang imeshuka mpaka barabarani, masela wa boda wamejikunja kwenye makoti, na basi la kwenda Singida linanguruma halijajaa. Muda huo ndo karai linaanza kuongea. Sambusa zikidumbukizwa kwenye mafuta zinatoa mlio kama mvua ya kwanza juu ya bati. Unajikuta ushasogea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbili au tatu?"

Mimi ni tatu, na chai ya maziwa iliyokolea tangawizi. Hilo chimbo nimelisimamia kitambo, na kuna kitu pale wengi tunapita nacho mdomoni bila kukiona. Manda. Mama anakata vidonge vya unga, anavisukuma viduara vidogo, anapaka mafuta, ananyunyiza unga mkavu, anavipandanisha vitano au sita, halafu anasukuma furushi zima kwa mpigo mmoja mpaka liwe jembamba. Linagusa kikaango kidogo tu, likauke lisiive. Likitoka, analibandua karatasi moja moja lingali la moto, vidole kama havijui kuungua. Anakata, anakunja pembe, anajaza nyama ya kusaga iliyokaushwa na kitunguu, anafunga kwa uji mzito wa unga. Huo uji ndo gundi. Ukiwa mwepesi, sambusa inafunguka karaini, nyama inamwagika, mafuta yote yanachafuka na biashara ya asubuhi imekufa.

Hiyo mikono imerithi safari ndefu kinoma. Jina sambusa lina asili ya Kiajemi, Waarabu wakalibeba, Wahindi wakasema samosa wakaijaza viazi, njegere na binzari nyembamba. Chapati, bajia, kachori, kachumbari, achari, yote hayo ni maneno yaliyovuka bahari. Wafanyabiashara wa Gujarat na Kachi walishajaa Unguja karne ya 19. Kisha ujenzi wa reli ya Uganda, 1896 hadi 1901, ukaleta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, na nyuma yao maduka yakasogea bara, mji kwa mji. Kila duka lilikuja na jiko lake.

Sasa usidhani kule India kuna msosi mmoja wa Kihindi. Ni kama kusema kuna msosi mmoja wa Kibongo, wakati ndizi za Bukoba hazijuani na makande ya Upareni. Punjab ni nchi ya ngano, kwa hiyo kule ni mkate wa bapa, siagi na samosa nene ya kushiba. Gujarat wamedata na unga wa dengu, karibu kila kinachokaangwa kinapitia humo, na sukari kidogo haikosekani kwenye mchuzi. Kusini, kule Chennai, ni mchele na choroko nyeusi, vinasagwa vinalala mpaka vichachuke, asubuhi inamwagwa dosa nyembamba juu ya chuma cha moto. Kolkata wana puchka, kiputo kikavu kinachojazwa viazi na maji ya ukwaju, unakitupia mdomoni kizimakizima kinapasukia humohumo. Yaani ardhi ndo inayoamua, mpishi anaifuata.

Mumbai ndo wamenishika zaidi. Wana kitu kinaitwa vada pav: kiazi kimepondwa, kimeviringwa, kimevikwa unga wa dengu, kimekaangwa, kimebanwa ndani ya mkate na chatne kavu ya kitunguu saumu. Inasimuliwa ilianza 1966 nje ya stesheni ya Dadar, mlo wa vibarua wa viwanda vya nguo wasio na muda wa kukaa mezani. Toa ule mkate. Umebaki na nini? Kachori yetu hii hii! Ile ukiitafuta Rajasthan kwa jina hilohilo unapewa kitumbua kigumu cha ngano chenye choroko ndani. Jina lilivuka bahari, likafika Pwani likahamia kwenye kiazi. Na Unguja wakaenda mbele zaidi, wakaichukua kachori na bajia wakazizamisha kwenye urojo wa manjano wenye uchachu wa embe au ukwaju, juu chatne ya nazi na muhogo uliokaangwa mkavu. Siku niliyogonga bakuli la kwanza Mji Mkongwe nilinyamaza mpaka chini.

Wao wana nazi na embe. Sisi tuna nini?

Tuna ngano, mwanangu. Miaka ya 1970 Tanzania na Kanada zilifungua mashamba makubwa ya ngano upande wa Basotu, hukuhuku kwetu Hanang, ekari zipatazo 100,000. Tusifiche: wafugaji wa Kibarabaig walipoteza malisho yao humo, na kesi zikafika mahakamani. Hayo maumivu yapo mpaka leo, na ukikaa kijiweni na wazee utayasikia. Lakini asubuhi hiyohiyo utamkuta mzee wa Kibarabaig amejifunga shuka lake, mbele yake supu ya mbuzi na chapati mbili. Mbuzi wa malisho yetu, mkate wa Punjab, limao na pilipili. Mimi naona hilo bakuli ndo ladha ya Katesh, na supu ya namna hiyo mjini huko hawaipati.

Halafu kuna mbaazi. Huku Manyara mbaazi tunalima kwa ajili ya India. Mwaka 2017 India ikawekea mbaazi za nje kikomo cha tani 200,000, bei ikaanguka vibaya, na kuna washua walibaki na magunia ndani huku ada za shule zinawasubiri. Siku zile hakuna aliyewaza kuziweka kwenye karai. Wakati Gujarat kwenyewe, msimu wa baridi, wanaponda mbaazi mbichi na tangawizi na pilipili wanazijaza kwenye kachori, na watu wanasubiri huo msimu kwa hamu.

Nikampelekea mama wa stendi hilo wazo. Akacheka, mbaazi na sambusa wapi na wapi. Jumamosi nikafika na kilo ya mbaazi mbichi kutoka shambani kwetu, na kitunguu saumu cha Mbulu, kile kidogo chenye ukali wa kutoa machozi. Tukaponda, tukakaanga na tangawizi na pilipili mpaka maji yakauke, tukajaza manda, tukaunga kwa uji. Zikatoka ishirini na nne. Konda wa basi la Singida akachukua mbili bila kuuliza ndani kuna nini, akang'ata, akaitazama ile nyingine kwa muda, halafu akamwita suka ashuke.

Mama akafuta mikono kwenye khanga, akanigeukia.

"Kesho leta kilo tatu. Na hicho kitunguu usisahau."