TAARIFA KWA WATUMISHI NA WAKAAZI: UCHUNGUZI WA UVIMBE WA KICHWA NA SHINGO

Watumishi kutoka Visiwani wanaofanya kazi katika ofisi za Muungano mjini Dodoma, wakiwemo wanaoishi Nkuhungu na familia zao, wanafahamishwa kwamba uvimbe wa usoni, kinywani au shingoni usiopungua kwa wiki tatu usikandwe wala kutumbuliwa kabla ya kuchunguzwa hospitalini.

Uvimbe mwingi si saratani. Hata hivyo zipo saratani za nyama laini, zinazoanzia katika misuli, mafuta, neva au mishipa ya damu. Kwa watu wazima ni takriban asilimia 1 tu ya saratani zote, na kwa sababu ya uchache huo hudhaniwa kuwa jipu, jino bovu au matezi ya kifua kikuu. Kwa mtoto, dalili yaweza kuwa jicho moja linalotokeza, au tundu moja la pua lililoziba na kutoa damu.

Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya za watoto, akiuita sakoma, yaani saratani ya aina hiyo ya nyama au ya mifupa. Wataalamu wa maabara walipoutazama kwa hadubini wakabaini kuwa ni limfoma, saratani ya matezi. Tofauti hiyo haikuwa ya jina tu: kisu hakikuwafaa watoto hao, ilhali dawa ziliwaponya baadhi yao.

Picha ya CT huonyesha ukubwa wa uvimbe na ulikofika. Aina yake huthibitishwa na kipande cha nyama. Kipande hicho hutiwa mara moja katika formalini, si maji, na chombo huandikwa jina, umri na mahali kilipotolewa. Chombo kisicho na jina ni kazi bure, na mgonjwa ana haki ya kuhakikisha limeandikwa. Vipande vingine huhitaji rangi maalumu, hivyo majibu huchelewa.

Mgonjwa aanzie kituo cha afya kilicho karibu, apewe barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa. Ikibidi atapelekwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Anayerejea Unguja au Pemba kwa likizo achukue nakala ya majibu na picha zake, ili asikatwe nyama mara ya pili bila sababu.