Kupasua Maji kwa Mawe ya Radio



Wengi wanauliza kwa nini watu walikohoa sana usiku ule katika internati, na kwa nini Bwana Prefe alikataza majaribio yote ndani ya vyumba vya kulala. Sisi wa mwaka wa sita, Biolojia-Kemia, ndio tulifanya jambo lile. Basi inafaa tueleze wenyewe.

Ni miaka sasa tunaandika katika daftari kwamba umeme unapasua maji, yanakuwa idrojeni na oksijeni. Formula tunaijua kwa kichwa, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameiona kazi hiyo kwa macho. Mtihani wa Serikali unakaribia, tukasema: leo tutaona. Tukapata batri ya gari, vijiti viwili vya kaa vilivyotoka katika mawe ya radio yaliyokufa, beseni la maji, na chumvi ya jikoni ngumi nzima. Tukafunga mlango na madirisha ili taa isionekane nje. Mapovu yakaja mengi, tukafurahi. Kisha harufu ikapanda. Mmoja akasema: "Hii iko Javel!" Alisema kweli kuliko alivyojua.

Chumvi ya jikoni ni sodiumu na klori. Ukiitia kwa wingi namna ile, kwenye kijiti cha + haitoki oksijeni peke yake, inatoka klori. Sehemu yake inachanganyika na soda inayozaliwa kwenye kijiti cha –, inakuwa kweli maji ya Javel. Sehemu nyingine inapanda hewani na kuingia kifuani. Ni gesi ileile Wajerumani waliyoifungulia majeshi ya adui mwaka 1915 huko Ypres, Ubelgiji. Na sisi tulikuwa tumefunga madirisha! Mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza alikohoa mpaka asubuhi, na tumemwomba radhi.

Batri ya gari pia ilikuwa kosa. Waya zake zikigusana, zinapata moto mara moja hata kuyeyuka, na ndani mna asidi ya sulfuri.

Baada ya azabu, mwalimu wa kemia alituita akatuambia turudilie kazi, lakini uwanjani, mchana, naye akiwapo. Tulifanya hivi.

Tulitwaa mawe manne mapya ya radio, tukayapanga kichwa kwa mkia. Kila moja lina volti 1,5, yote pamoja 6. Jiwe moja halitoshi: kwa hesabu maji yanadai volti 1,23, lakini kwa kazi yenyewe inapita hapo, karibu 2. Vijiti vya kaa vinapatikana katika mawe ya kawaida yenye ngozi ya zinki. Unga mweusi wa ndani usiingie machoni wala kinywani, na mikono ioshwe kwa sabuni. Mawe yaliyoandikwa "alkaline" hapana kupasua, yana potasi kali inayochoma ngozi. Ya simu ndiyo mabaya zaidi, yanaweza kuwaka moto.

Shida ilikuwa namna ya kukamata gesi. Tulikata chupa ya plastiki katikati, tukatoboa matundu mawili kwenye kitako, tukapitisha vijiti kutoka chini, tukaziba kwa nta ya mshumaa. Mara ya kwanza ilivuja, mara ya pili pia. Mara ya tatu ikakubali. Chupa ikakaa juu ya matofali mawili, waya zikafungwa chini, mahali pakavu. Ndani tukatia maji ya mvua na kijiko kidogo cha bikarbonati, ile mama zetu wanatia katika sombe ipate kuiva upesi. Maji matupu hayapitishi umeme vizuri. Juu ya kila kijiti tukapindua kichupa cha sindano kilichojaa maji.

Tuliona nini? Upande wa – kichupa kilijaa gesi. Upande wa + tulingoja nusu yake, maana maji ni idrojeni mbili kwa oksijeni moja, lakini haikufika nusu. Wengine wakasema kitabu kinadanganya. Hapana. Oksijeni inakula kaa yenyewe, nyingine inakuwa gesi ya kaboni na kubaki ndani ya maji. Ndiyo sababu maji yaligeuka meusi kidogo. Tulipoleta kibiriti kwenye kichupa cha –, kililia "pa!", na kila mtu akaruka. Kichupa kiwe kidogo kama kidole, si zaidi, na gesi mbili hizi zisikusanywe kamwe katika chupa moja: zikiguswa na moto zinapasuka kwa nguvu.

Tukauliza: tukiweka waya ya shaba upande wa +? Ikaliwa, maji yakachafuka rangi ya majani. Hapo mwalimu akatukumbusha kazi ya baba zetu. Huko Shituru, Likasi, tangu 1929, na Luilu karibu na Kolwezi tangu 1960, mawe ya shaba yanayeyushwa katika asidi ya sulfuri, kisha umeme unavuta shaba kutoka majini mpaka kwenye bamba la –. Kwenye bamba la +, ambalo ni la risasi, inatoka oksijeni kama kwetu. Wengi wetu tumezaliwa kando ya viwanda vile, tusijue kwamba ni kichupa chetu kilichokuzwa.

Na kazi hii si ya jana. Nicholson na Carlisle walipasua maji Uingereza mwaka 1800, mwaka uleule habari ya batri ya Volta ilipowafikia.

Bwana Prefe amekubali turudilie jaribio Jumamosi saa nane, nyuma ya laboratwari, madarasa yote yaone. Mwenye mawe ya radio yaliyokufa, yale ya kawaida, ayalete bila kuyapasua. Chumvi msilete.