Bei si Thamani

Wanafunzi wengi huyatumia maneno bei na thamani kana kwamba ni pacha. Duka la rehani nchini Marekani lingewafunza tofauti.

Mtu aliyefikwa na dhiki hupeleka huko bunduki aliyorithi kwa babake. Mwenye duka huchungulia mtutu kama umeingia kutu, na kutazama ni kiasi gani cha rangi ya kiwandani kimesalia. Silaha kongwe iliyopakwa rangi upya, ijapokuwa yang'aa, aghalabu hushuka bei mbele ya wakusanyaji. Kisha hukadiria atakachopata akiiuza, na kumkopesha mwenyewe sehemu tu ya makadirio hayo. Kumbukumbu za marehemu hazimo katika hesabu.

Isitoshe, tangu mwishoni mwa 1998, sheria ya huko humtaka anayerudi kuikomboa silaha achunguzwe kwa kawaida kama mnunuzi mgeni. Akionekana hastahili kumiliki silaha, harudishiwi, hata akilipa deni lote.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Mwalimu anapolifundisha neno rehani, na aongeze haya: thamani huijua mwenye kitu, bali bei huipanga mwenye fedha.