Moshi ukirudi ndani, kagua dohani kwanza

KATIKA maeneo ya baridi kama vile Limuru, Molo na Nyahururu, jiko la kuni lenye dohani hupika na pia kupasha nyumba joto. Moshi unapoanza kurudi ndani, wengi hulilaumu jiko, ilhali kasoro aghalabu huwa juu ya paa.

Moshi hupanda kwa kuwa hewa yenye joto ni nyepesi kuliko hewa baridi. Dohani ikiwa fupi, upepo unaovuka paa huusukuma moshi chini. Iliyo karibu na kilele cha paa yafaa ikipite kwa angalau sentimita 60. Ikiwa imepoa usiku kucha, gazeti lililokwisha kusomwa likichomwa kwanza huifungua njia.

Kisha kuna kuni mbichi. Mvuke wake huupoza moshi, nao huacha utando mweusi mfano wa lami ndani ya bomba. Utando huo huziba njia, na zaidi ya hayo huweza kushika moto na kuteketeza nyumba. Kuni zipasuliwe na kukaushwa kwa miezi sita au zaidi, na bomba lisuguliwe kila mwaka kabla ya baridi ya Juni.

Hatari kuu haionekani. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Anayefunika dohani ili kuhifadhi joto, kisha akafunga madirisha na kulala, huenda asiamke. Anayeumwa na kichwa au kuhisi kizunguzungu atolewe nje mara moja, kisha apelekwe hospitalini.