Spiriti, Asetoni na Kijana Anayependa Kemia: Lipi Halali, Lipi Hatari Nyumbani?

 

Mama mmoja, msomaji wetu, ametuandikia kwa wasiwasi. Alipokuwa akifagia chumba cha mwanawe wa kidato cha tatu, alikuta chini ya kitanda chupa ya spiriti, chupa mbili za dawa ya kutolea rangi ya kucha, thina ya rangi kwenye chupa ya maji ya kunywa, na maua ya mlangilangi yaliyorowekwa ndani ya gilasi. Kijana anasema anajifunza kutengeneza marashi. Jirani amemwambia mama huyo kuwa spiriti ni pombe, kwa hiyo chumba kimenajisika na swala za watu wa nyumba hiyo hazisihi. Baba naye anataka vyote vitupwe na kijana atiwe adabu. Mama anauliza: mwanangu amekosa? Spiriti ni najisi? Nifanye nini?

Tumeona tulijibu kwa urefu kidogo, kwani chupa hizi zimo katika nyumba zetu nyingi, hata zisizo na mwanafunzi wa kemia.

Vitu hivi ni nini?

Wataalamu huviita viyeyushi, yaani vimiminika vinavyoyeyusha vitu vingine. Kiyeyushi kikubwa kuliko vyote ni maji. Maji huyeyusha chumvi na sukari, lakini hayawezi rangi ya mafuta, gundi wala nta. Kwa ajili ya hivyo watu hutumia vimiminika vya aina nyingine, kila kimoja kwa kazi yake. Asetoni hutoa rangi ya kucha. Thina na tapentaini hulainisha rangi ya mbao na kusafisha brashi. Ethanoli, ambayo ndiyo alkoholi yenyewe, hubeba harufu katika manukato na huua vijidudu katika vitakasa mikono. Petroli na mafuta ya taa, ingawa tunavijua kama nishati, navyo ni viyeyushi, na ndiyo maana fundi baiskeli huoshea mnyororo kwa mafuta ya taa.

Kwa hiyo kijana huyu hakununua kitu cha siri. Amekusanya vinavyouzwa madukani kila siku: duka la dawa, duka la vipodozi na duka la vifaa vya ujenzi.

Elimu hii si ngeni kwa Waislamu

Tusimtazame kijana kama aliyeleta uzushi. Jabir bin Hayyan anatajwa katika karne ya 2 Hijria kuwa miongoni mwa mabingwa wa kemia. Al-Kindi anahusishwa na kitabu kizima kuhusu utengenezaji wa manukato na kukeneka. Abu Bakr ar-Razi, tabibu mashuhuri, alieleza vyombo vya maabara na namna ya kuvitumia. Hata neno alkoholi limetokana na Kiarabu, al-kuhl, yaani wanja huuhuu wanaopaka mama zetu. Wazungu walilichukua kwanza kwa maana ya unga laini sana, kisha likahamia kwenye kiini kinachopatikana kwa kukeneka.

Na hapa kwetu, Kiwanda cha Makonyo kilichopo Wawi, Pemba, hukeneka mafuta ya karafuu kwa mvuke. Mvuke hupita kwenye makonyo na kuchukua mafuta yake, kisha hupozwa na mafuta yakajitenga na maji. Kijana wa kisiwani anayetaka kujua harufu inatokaje ndani ya ua anauliza jambo lililo karibu kabisa na riziki ya watu wake.

Ugunduzi nao unaweza kutoka chumbani. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, katika maabara ndogo nyumbani kwao London. Hakupata kwinini. Alipata tope jeusi. Alipolisafisha kwa alkoholi, aliona alkoholi imegeuka zambarau nzuri. Hiyo ikawa rangi ya kwanza ya kutengenezwa kwa kemia iliyoleta biashara kubwa, na viwanda vingi vya rangi na dawa vikafuatia njia hiyo. Lakini Perkin hakuwa mtoto aliyeachwa peke yake. Alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kemia, chini ya mwalimu mkubwa. Jambo hili tutalirudia.

Hukumu: je, ni najisi?

Kunywa kinacholevya ni haramu, kiwe kidogo au kingi, na hilo halina mjadala. Suala ni kukigusa na kukitumia kwa nje.

Wanavyuoni wengi wa madhehebu manne wanaona kuwa khamri ni najisi. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, yaliyoenea visiwani kwetu, kila kimiminika kinacholevya ni najisi. Wapo wengine waliosema kuwa khamri ni haramu kuinywa lakini si najisi kuigusa, miongoni mwao Rabi'a, mwalimu wa Imam Malik, na Al-Layth bin Sa'd, na Al-Muzani, mwanafunzi wa Imam Shafi'i mwenyewe. Katika zama zetu wanavyuoni wengi, ikiwemo Darul-Iftaa ya Misri, wameona kuwa alkoholi inayotiwa katika manukato na dawa za kusafishia si najisi, kwa kuwa haikutengenezwa iwe kinywaji.

Mwenye kushika kauli ya kwanza kwa ihtiyati ana haki yake: spiriti ikimwagikia nguo au mkeka, aoshe kwa maji kabla ya swala. Mwenye kufuata kauli ya pili asilaumiwe. Lakini kwa kauli zote mbili, chupa iliyozibwa ikakaa kabatini hainajisi chumba wala haibatilishi swala ya aliyesali humo. Jirani amekosea, ingawa nia yake tunaidhania kuwa ni njema.

Ama asetoni, thina, tapentaini na petroli, hivi si vinywaji vya kulevya, na asili ya vitu ni twahara. Ila mtu asiende msikitini akinuka petroli au thina, kwa kulinganisha na makatazo ya kwenda msikitini na harufu ya kitunguu saumu.

Na iwapo mtu atavuta mvuke wa gundi au thina kwa makusudi ili alewe, hiyo ni haramu kama ulevi mwingine, kwani kinachoangaliwa ni kuondoka kwa akili. Mzazi asichanganye mambo mawili haya. Kijana mwenye daftari la majaribio na maua ndani ya gilasi ana udadisi. Kijana mwenye tambara linalonuka gundi, macho mekundu na maneno ya ovyo ana maradhi, naye anahitaji msaada upesi.

Hatari iko wapi hasa?

Hapa ndipo tunapotaka wazazi wasome kwa utulivu. Najisi huoshwa kwa maji, lakini jicho lililopofuka halirudi.

Kwanza, sumu ya methanoli. Spiriti ya kuwashia na kusafishia kwa kawaida hutiwa methanoli kusudi isinyweke. Methanoli inafanana na ethanoli kwa sura na harufu, lakini ini huigeuza kuwa asidi inayoharibu mshipa wa macho. Kiasi kidogo tu kinaweza kupofua na kuua. Hila yake ni kuchelewa: mtu anaweza kujiona mzima kwa saa nyingi, kisha macho yakaingia ukungu. Mwaka 2014 nchini Kenya makumi ya watu walifariki kwa pombe iliyochanganywa na methanoli. Mwaka 2020 nchini Iran mamia walifariki kwa uvumi kuwa alkoholi hutibu korona.

Pili, moto. Asetoni hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Petroli ni zaidi ya hapo. Basi itakuwaje kwenye nyuzi 30 za chumba cha bati? Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni bila kuonekana hadi ukutane na jiko la mkaa la chumba cha pili, kisha moto hurudi mbio hadi kwenye chupa. Ndiyo maana kuchemsha spiriti au asetoni jikoni ili "kutoa harufu ya ua" ni jambo tunalolikataza kabisa. Wawi hutumia mvuke wa maji, nao hauwaki.

Tatu, kuchanganya. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe ikikutana na spiriti, asetoni, siki au dawa nyingine ya chooni hutoa hewa na vimiminika vya sumu. Dawa mbili zinazosafisha vizuri zikiwa mbalimbali zinaweza kumwangusha mtu zikiwa pamoja kwenye choo kisicho na dirisha.

Nne, na hili ndilo lililotushtua zaidi katika barua ya mama: thina iliyowekwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Ni mazoea yetu kununua mafuta ya taa kwa chupa ya soda. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, anajua sura ya chupa. Akinywa, mafuta huteleza kwenye mapafu na kuyaunguza.

Allaah Ametukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu, na Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amekataza kudhuru na kulipiza madhara. Alitufundisha pia kuzima taa na kufunika vyombo kabla ya kulala, baada ya nyumba kuungua usiku Madina. Usalama wa nyumba ni katika mafundisho ya dini yetu.

Sheria ya nchi

Asetoni na toluini, ambayo huwemo katika thina na gundi nyingi, zimo katika orodha ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988, kwa sababu wahalifu huzitumia kutengenezea dawa za kulevya. Chupa ndogo ya kutolea rangi ya kucha si kosa. Lakini muuza duka akimuuliza kijana anayetaka lita tano anazitakia nini, asionekane mkorofi. Na mfanyabiashara anayejaza thina au methanoli kwenye chupa na kuiandika "spiriti safi" amefanya ghushi, na dhambi ya atakayedhurika iko shingoni mwake.

Tunashauri hivi

1. Kila kimiminika kibaki katika chupa yake ya asili yenye maandishi. Chupa ya soda au maji isitiwe kitu kisichonyweka, hata kwa siku moja.
2. Viyeyushi viwekwe juu, kabati lifungwe, mbali na jiko na mbali na chumba cha kulala.
3. Vitumike nje au dirisha likiwa wazi, na pasiwe na moto wala sigara.
4. Kisichohitajika kisimwagwe kwenye karo wala karibu na kisima. Visiwa vyetu vinakunywa maji ya chini ya ardhi.
5. Mtoto akinywa mafuta ya taa au thina, asitapishwe wala asipewe maziwa. Avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe ngozi, akimbizwe hospitali, na chupa ichukuliwe iende naye. Aliyekunywa spiriti apelekwe hata kama anasema hana neno.
6. Moto wa mafuta usimwagiwe maji. Ufunikwe kwa mchanga au mfuniko.

Na kijana apewe cha kufanya. Aroweke karafuu au langilangi katika mafuta ya nazi na kulinganisha harufu kila wiki. Achemshe choya, kisha atie limau katika kikombe kimoja na magadi katika kingine, aone rangi zinavyobadilika. Achore nukta ya wino kwenye karatasi laini, achovye ncha yake katika maji, na atazame rangi zikiachana. Hiyo yote ni kemia ya kweli, tena ya viyeyushi.

Jibu letu kwa mama

Mwanao hakukosa kwa kutaka kujua. Amekosa kwa kuficha, na kwa kutia thina katika chupa ya maji. Swala zenu ni sahihi, inshaAllaah. Thina na spiriti zitolewe chini ya kitanda leo hii, kabla ya magharibi. Mwambie baba asitupe daftari. Akae na mwanawe amuulize amejifunza nini, kisha waende pamoja kwa mwalimu wa kemia skuli na kumuomba amsimamie. Perkin alikuwa na mwalimu, na kijana wenu naye anamhitaji wake. Kijana akipigwa kwa udadisi hataacha kudadisi. Atahamia mahali ambapo hamtamwona, na huko hakutakuwa na wa kumzimia moto.

Tunamuomba Allaah Awazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa, na Azihifadhi nyumba zetu.

Wallaahu A'lam.