Je, Wajua? Mstari wa Ubavuni mwa Tairi
Je, wajua ya kuwa ule mstari mwembamba uzungukao ubavu wa tairi pana la baiskeli, karibu na ringi, ambao wengi hudhani, wala si ajabu, kuwa ni pambo tu, umewekwa kwa makusudi uwe shahidi wa mkao wake? Basi aendeshaye baiskeli baina ya Kitengela na Kajiado, ambako miiba ya migunga haina huruma na kuziba pancha ni ada, hana budi, akiisha kulirudisha tairi na kulitia upepo kidogo, kulizungusha gurudumu taratibu na kuutazama mstari huo pande zote mbili: ukizama mahali, au ukipanda kuliko kwingine, tairi halijakaa barabara. Dawa yake ni kutoa upepo, kupaka maji ya sabuni ukingoni, kuliminya kwa vidole, kisha kujaza tena pasipo kupita kadiri iliyoandikwa ubavuni.